Msimu Mmoja Tu

Mtu akiniuliza utunzi wa nyimbo nilisomea wapi, namjibu: juu ya miti minane. Wengi hucheka wakidhani nakwepa swali. Miti minane ndiyo iliyobeba dungu letu, kibanda cha fito na nyasi kilichonyanyuliwa juu ya shamba la mpunga, ng'ambo ya mto Rufiji, mahali ambapo hata uite mpaka koo likauke hakuna wa kukuitikia ila kima. Nilikaa pale misimu mitatu nikiamia ndege. Nilipopanda mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, simu ndogo iliyojaa midundo ya Bongo, na uhakika kwamba kabla mwaka haujaisha nitakuwa Kibiti naimba.

Kwetu mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu huisha kwa siku mbili. Mashuke yanabaki yamesimama, lakini ndani hamna kitu. Ndiyo maana kila nyumba hutoa mtu wake akakae dungu tangu alfajiri mpaka jua lizame, apige debe, arushe kombeo, apaze sauti. Nyumbani kwetu mtu huyo alikuwa baba. Lakini mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba aliteleza kwenye ngazi ya dungu akaangukia nyonga, na mguu wa kushoto ukagoma kukunjika. Kutembea anatembea, kwa kuchechemea. Jembe anashika. Ngazi haiwezi. Mama alikuwa na shamba la ufuta na wadogo zangu watatu. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam, na kila mmoja ana sababu zake, ndefu kama barabara yenyewe. Nikabaki mimi.

Wakati huo mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa ameshaniomba. Ana kikundi cha ngoma pale Kibiti, wanawake saba, wanaalikwa kwenye harusi na sherehe za kumtoa mwali kuanzia Nyamwage mpaka Kiongoroni huko visiwani. Alinisikia nikiimba kinuni, nikitwanga, akamwambia baba, "Shemeji, huyu nipeni mie." Baba akakubali, tena kwa furaha. Akaweka sharti moja dogo.

"Atakuja. Lakini kwanza anishikie dungu, mguu upone. Msimu mmoja tu."

Nami nilikubali. Nani angekataa msimu mmoja?

Hakuna kifungo chenye hewa safi kama dungu. Upana wake hatua nne, urefu hatua tano. Mama alivuka jioni kuja kulala nami, alfajiri akavuka kurudi nyumbani, na kutwa nzima nilikuwa peke yangu. Kushuka haikuwezekana, kwa sababu ndege wana macho, wanakuona unashika ngazi. Hata haja ndogo nilikwenda kwa mahesabu, nikirudi mbio huku nafunga kanga. Simu ilizima siku ya pili, na pa kuchajia palikuwa ng'ambo. Likabaki debe na kijiti.

Basi nikawa napiga debe kwa mdundo wa wimbo niliokuwa naupenda, umepangika vizuri, nne kwa nne, bila kukosea. Siku ya kwanza ndege waliruka wote. Siku ya pili waliruka nusu, wakazunguka, wakarudi. Siku ya tatu walikula kwa raha zao nami nawatumbuiza. Mama alipokuja jioni akayaona mashuke yaliyonyonywa, akanitazama.

"Wee unawafukuza au unawapigia ngoma?"

"Napiga tangu asubuhi mama, mkono umekufa."

"Unapiga, lakini unapiga mahali pamoja. Ndege akishajua pigo litaangukia wapi, haliogopi tena. Nyamaza. Muache ashuke, atulie, aone leo hamna mtu. Hapo ndo umpige."

Nilimsikiliza kama mtu anayefundishwa kilimo. Nikaanza kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Unawaona wanashuka, shingo fupi, midomo myekundu, kila mkono wako unataka kupiga, nawe unajizuia mpaka roho inauma. Kisha pigo moja, na anga nzima inanyanyuka. Sikujua kwamba nafundishwa wimbo.

Kila Ijumaa baada ya sala baba alivushwa kwa mtumbwi kuja kuangalia shamba. Alisimama chini ya dungu, akaweka mkono kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, akauliza, "Mpunga unaendeleaje?" Nilijibu unaendelea vizuri. Hakutazama juu. Misimu mitatu nilimwona baba yangu kwa upande wa kofia.

Tulivuna vizuri. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko. Kisha Novemba ikaja, na baba akaniita ukumbini, akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka juu ya mkeka kama anaweka mzigo wa mtu mwingine. "Mwanangu, unauona mwenyewe. Bado. Msimu mmoja tu."

Mtoto hamwambii baba yake, "Ulisema hivyo mwaka jana." Kwetu maneno hayo hayana pa kupitia. Nikasema, "Sawa baba," nikaenda uani kutwanga mpunga ambao hakuna aliyenituma kuutwanga.

Msimu wa pili mto ulivimba. Mvua zilinyesha huko juu, sisi tukapata maji bila wingu. Niliamka nikakuta ngazi imeliwa vipago vitatu, na mama, aliyekuwa amevuka jioni iliyotangulia kwenda kumuuguza mdogo wangu, hakuweza kurudi. Nilikaa siku nne. Nilikuwa na unga kidogo, chumvi, na nyoka mmoja aliyepanda mti wa pembeni akajikunja kwenye fito, akanitazama, nikamtazama, tukakubaliana kila mtu akae kwake. Kwa mbali niliwasikia watu wa madungu mengine wakiitana. Nilipaza sauti nami, upepo ukairudisha. Sikulia. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaogopa, maana sikuwa na mtu wa kumkasirikia aliyekuwa na kosa. Mguu si kosa. Mafuriko si kosa. Hata ndege wanatafuta riziki. Kuna kufungwa ambako ukitafuta aliyekufunga unakuta watu wazuri watupu.

Hasira ile ndiyo iliyotunga wimbo wangu wa kwanza. Beti kumi na mbili! Niliweka kila kitu: maji, njaa, nyoka, fito zinazochoma mgongo, wasichana wenzangu wanaopita Kibiti na simu mkononi. Kiitikio kikawa maneno ya baba yenyewe, *Msimu mmoja tu*. Nilidhani nikiyaweka kwenye kiitikio, yakaimbwa na watu wote mbele yake, atasikia mwenyewe jinsi yanavyosikika.

Baada ya mavuno mama mdogo alialikwa Nyamwage kwenye sherehe ya kumtoa mwali, binti wa jamaa yake baba, na akaniruhusu niimbe. Mdundo nilichagua mimi, ule wangu wa nne kwa nne, na chapuo, ngoma ile ndogo, juu yake linakimbia. Ubeti wa kwanza watu walitega sikio. Ubeti wa pili viuno vikaanza. Kufikia nyoka, uwanja mzima ulikuwa unacheza, na kiitikio kinaitikiwa kwa vigelegele, *Msimu mmoja tu! Msimu mmoja tu!* Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yangu. Alitoka kwenye kundi la wanaume akichechemea, bega moja juu, anacheza kwa mguu ule mmoja mzima, akaja mpaka mbele yangu akanibandika noti kwenye paji la uso. Nikaimba ubeti uliofuata noti ikinishikilia kwa jasho.

Njiani kurudi alinishika bega. "Umenifurahisha mwanangu. Wimbo mtamu." Akatembea kidogo. "Basi na mwaka huu utanisaidia, eh?" Na kwa sauti ya kiitikio, akitabasamu, akaimba, "Msimu mmoja tu."

Nilitaka kuitupa ile noti mtoni. Nilimpa mama.

Kabla hatujaachana, mama mdogo alinivuta pembeni. Yule mwanamke hajui kubembeleza. Ana mikono mikubwa ya kupigia vumi, ngoma ile nene inayosikika tumboni kabla haijasikika masikioni, na anasema kama anavyopiga.

"Maneno yako yanalia, ngoma yako inacheka. Mtu aitwe msibani na harusini saa moja hiyo hiyo, unadhani atakwenda wapi? Atakwenda kwenye pilau."

"Sasa nifanyeje?"

"Mie nijue? Wimbo wako."

Nilipanda dungu msimu wa tatu na swali hilo. Kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani kila mtunzi mchanga hulifanya: niliona kama ngoma ya kucheka imeniangusha, basi nitumie ya kulia. Nikaupunguza mwendo. Nikauburuza. Jioni mama akapanda, akakaa, akasikiliza ubeti mmoja, akauliza kwa hofu, "Nani kafa?" Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mdundo wa msiba ulikuwa unasema uongo kama ule wa harusi, kwa sababu dungu si msiba. Dungu ni kungoja. Ni siku ileile, na maneno yaleyale, na wewe ndiye unayezeeka.

Nikaanza kuvua beti. Nyoka akatoka. Maji yakatoka. Wasichana wa Kibiti wakatoka, na ubeti wao niliupenda. Kila nililolitoa nililipigia debe kwanza, nikajiuliza kama debe linaweza kulisema bila mimi. Mambo mengi debe liliyaweza. Njaa liliiweza vizuri kuliko mimi. Mwisho nikabaki na maneno matatu, na hata hayo nikayatazama kwa jicho la kuyafukuza.

Siku moja, jua la utosi, ndege wametulia kwenye matete, nilikuwa nimelala chali nikagonga fito kwa ukucha bila kufikiri. Pigo moja. Nikasema maneno ya baba. Mapigo mawili. Nikasema maneno yaleyale. Mapigo matatu. Nikakaa. Maneno hayakuwa yamebadilika hata kidogo, bado yalisema mmoja, lakini fito ilikuwa imehesabu. Kinywa kilikuwa na adabu zake, na fito ilikuwa imesema kweli. Nilishika kichwa. Ndege walishuka siku hiyo wakala karibu jaruba zima, na sikuwaona.

Siku hizi, fundi wa studio tunayorekodia pale Kibiti akikuta mahali nimeacha wazi kwenye wimbo, huja mbio na kinanda chake kuziba. Namwambia ondoa. Ananiambia dada, pamepwaya. Namwambia ndiyo, mimi ndiye niliyepapwaisha, ondoa. Tunagombana kila wimbo.

Agosti ile mwali alitolewa kijijini kwetu, nyumba ya nne toka kwetu. Baba, kwa sababu ya mguu, aliwekewa kiti mbele pamoja na wazee. Nilikuwa nimemweleza mama mdogo ninachotaka. Akauliza, "Una hakika? Ngoma ikishasema hairudishiki." Nikasema nina hakika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa nimechoka.

Nilisimama bila chapuo, bila kayamba, bila waitikiaji. Vumi peke yake.

*Aliniambia mmoja.*

Mama mdogo akapiga mara moja.

*Nikakaa.*

*Aliniambia mmoja.*

Akapiga mara mbili. Wasichana wawili waliokuwa wameanza kucheza wakacheka, wakitafuta mdundo uko wapi.

*Nikakaa.*

*Aliniambia mmoja.*

Mara tatu. Hapo hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilijua niko dungu tangu lini, na kila mtu aliyekuwa pale alikuwa amekula mpunga wa mtu aliyekaa dungu.

*Nikakaa.*

*Aliniambia mmoja.*

Mama mdogo akainua mkono wake mkubwa, na hakuushusha. Nilisikia mbuzi. Nilisikia chungu kikichemka jikoni kwa wenye shughuli. Watu walikuwa wanangoja mapigo manne kwa miili yao, niliwaona shingo zimekaza, na nikamngojea baba kama nilivyokuwa nawangojea ndege, watulie, washuke. Hakuna aliyemtazama. Yeye aliutazama mguu wake. Halafu akaanza kuinuka, na kuinuka kwake kunachukua muda, mkono kwenye kiti, mkono kwenye goti, kiti kikaanguka nyuma yake, na hapakuwa na ngoma ya kumsitiri. Alitoka uwanjani akichechemea, na kila hatua tuliisikia.

Mama mdogo alipoona yamefika hapo aliishusha mikono yote miwili akaingiza ngoma ya kasi kuokoa shughuli ya watu. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka toka kwenye wimbo, na nilijisikia vibaya kuliko siku zote nne za mafuriko.

"Baba yako mtu mzima," mama aliniambia nyumbani, "unamhesabia mbele za watu?"

"Sikusema neno baya, mama."

"Hukusema. Ndo ubaya wake."

Baba hakulitaja jambo lile. Asubuhi nilisema shikamoo, akasema marahaba. Jioni vilevile. Miezi minane nyumba yetu ilikaa namna hiyo. Novemba hakuniita ukumbini. Hakusema msimu mmoja tu, na hakusema nenda, nami sikuwa na uso wa kuuliza. Desemba nilipanda mpunga pamoja nao. Mama mdogo alipiga simu mara mbili, nikamwambia bado. Nilijua nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu aliyekufunga kwa ahadi unaweza kumkumbusha ahadi. Huyu sasa hakuwa na ahadi yoyote kwangu. Nilianza kufikiri juu ya kuezeka dungu upya, maana nyasi zilikuwa zimeoza, na kama ningekaa pale maisha yangu yote angalau nisinyeshewe.

Mpunga ulipotia maziwa, niliamka alfajiri nikakusanya sufuria, mkeka na kombeo. Debe halikuwepo ukutani. Nilimuuliza mama. Alisema tu, "Twende," na macho yake yalikuwa mekundu.

Tulivuka. Niliiona fimbo ya baba kabla ya kitu kingine chochote, imeegemezwa chini ya ngazi. Kisha nikaona vipago. Kila kimoja kilikuwa kimepakwa tope, na tope lile halikuwa la nyayo. Lilikuwa pana, limeburuzwa, la mtu aliyepanda kwa mikono na tumbo. Nikatazama juu. Niliona nyayo mbili zinaning'inia ukingoni mwa dungu, moja imekunjwa, moja imenyooka.

"Baba."

"Naam."

"Utashukaje?"

"Mpunga ukivunwa."

"Baba, shuka… namaanisha, mimi nipande, wewe—"

"Mama yako mdogo anakungoja Kibiti. Nguo zako mama yako kaziweka mtumbwini. Mie n'shasema." Hakutazama chini. "Mtumbwi usikuache."

Nilikuwa nimetaka ruhusa miaka mitatu. Sikuitaka hivi. Nilisimama pale chini nimeshika kipago cha kwanza, mahali alipokuwa anashika yeye kila Ijumaa, na nikaelewa kwa nini hakuwahi kutazama juu. Mama alinitoa vidole kimoja kimoja.

Jirani yetu aliyeshika upondo akausukuma mtumbwi. Tulikuwa tumefika katikati ya mto debe lilipolia. Pigo moja. Nilidhani ameanza kazi. Halafu kimya kirefu, halafu mapigo mawili, yametengana vizuri, kwa uangalifu wa mtu anayekariri kitu alichokisikia mara moja tu. Kimya. Mapigo matatu.

Niligeuka. Ndege walikuwa wametua kwenye matete ya ukingoni, kundi zima, na baada ya muda wakaanza kushuka mpungani, wachache, kisha wengi, mpaka upande ule wa shamba ukabadilika rangi. Mkono wangu ulikuwa umeinuka wenyewe. Piga, nilisema. Baba, piga. Jirani aliacha upondo akanitazama, akalitazama shamba.

Tulifika ng'ambo. Nilishuka na mfuko wangu, nikasimama kwenye tope, nikasikiliza. Yale manne alikuwa bado hajayapiga.